Hilux ya Mjomba na Maji ya Samaki

Mwezi wa Juni 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mjomba wangu alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya feri, upande wa kisiwani. Kabla hajasema neno nililisikia gari. Lilikuwa likigonga kama mtu apigaye bati kwa kijiti.

"Waisikia?" akauliza.

"Naisikia, mjomba."

"Basi ndiyo hiyo. Fundi asema injini imekwisha, niweke nyingine. Binamuyo asema niiuze, tuchukue mpya kwa mkopo. Nami sitaki hili wala lile mpaka uje na daftari lako."

Daftari ni langu kwa kuwa mimi ndiye niandikaye matumizi ya gari lake. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hesabu na risiti ndizo zinazonilisha, na kila Ijumaa mjomba hunitumia picha za risiti zake kwa simu. Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwa sababu hapa Mombasa watu wengi wamesimama kwenye njia panda hiyohiyo: gari la dizeli limekula kilomita, bado ndilo linalolisha nyumba, na kila anayeulizwa ana jibu hata kabla hajalala chini ya gari akatazama. Majina nimeyaacha. Hesabu ni zilezile za kwenye daftari.

Hilux yenyewe ni ya kabini moja, ya mwaka 2009, injini ya dizeli ya lita 2.5 yenye tabo, ile ambayo mafundi huiita 2KD. Mjomba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2015 ikiwa na kilomita 150,000. Siku ile ya simu ilisoma 371,000. Kazi yake haijabadilika tangu siku ya kwanza. Alfajiri baada ya swala mjomba hushuka soko la samaki Mji wa Kale, akachagua changu, tafi, kolekole na pweza, akapakia kwenye sanduku la bati lenye barafu, akavuka Likoni, akagawa kwenye hoteli za Diani, akarudi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 77, siku 26 za mwezi. Ni kilomita 2,000 kwa mwezi, kasoro kidogo mwezi wa Ramadhani.

Kilomita 371,000 zinatisha zikiandikwa, lakini injini hii iliyotunzwa huzipita. Na hii ilitunzwa. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000, risiti ninazo. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa mara mbili, kila taa yake ilipowaka kwenye dashibodi. Gari hili huwasha taa ya mkanda baada ya kilomita 150,000, na wako mafundi ambao huizima taa bila kuugusa mkanda wenyewe. Mkanda ukikatika njiani, pistoni hugongana na valvu, na hapo ndipo injini huwa imekwisha kweli.

Ugonjwa ulikuwa huu: kugonga asubuhi injini ikiwa baridi, moshi mweusi akikanyaga mafuta kupanda mlima wa kutoka feri, na dizeli kwisha upesi. Zamani lita moja ilimpeleka kilomita 11.5. Miezi ile ya mwisho daftari lilionyesha 8.6.

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika tano akataja bei: injini ya mtumba kutoka Dubai, pamoja na kazi, shilingi 380,000. Sikupenda. Bei sikuibishia. Kilichoniudhi ni kwamba hakuwa amepima kitu. Injini ya mtumba hakuna ajuaye imetembea kiasi gani. Tena ukibadilisha injini huna budi kuiandikisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili namba yake ifanane na ya kwenye logbuku, la sivyo siku ya kuuza utasimamishwa. Na kubwa kuliko yote, ikiwa kilichoiua ya kwanza hakikujulikana, ya pili itakufa kwa ugonjwa uleule.

Tukaenda kwa fundi wa dizeli Changamwe, mzee wa makamo ya mjomba, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ni pampu na nozeli tu, zile zinazorusha dizeli ndani ya silinda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamgeukia mjomba na swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Dizeli wanunua wapi, mzee mwenzangu?"

Swali hilo lina maana kubwa kwetu. Mafuta ya taa kuchanganywa na dizeli lilikuwa jambo la kawaida hata serikali mwaka 2018 ikayawekea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli. Injini za zamani zenye pampu ya kawaida zilivumilia. Hizi za sasa husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,300, na pampu pamoja na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe; ukizipa mafuta makavu zinajisaga. Mjomba alikiri kwamba kwa muda fulani alikuwa akinunua kwenye madumu, kwa mtu wa njiani, kwa kuwa aliuza rahisi.

Fundi hakufungua kitu kwanza. Alitoa kifuniko cha oili injini ikinguruma, akakigeuza juu chini, akakiweka pale palepale tundu lilipo. Kikatulia. Kingekuwa kinarukaruka, alisema, basi pistoni na ringi zinapitisha moshi chini na tungezungumza mengine. Kisha akapima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Silinda nne zilitoa 365, 360, 350 na 355 kwa kipimo chake cha psi. Alisema angeshtuka kama moja ingeshuka chini ya 300 au ingeachana mbali na wenzake. Injini iliyoambiwa imekwisha ilikuwa na pumzi yake yote.

Halafu ikaja kazi ya chupa, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu kipimo hiki ni rahisi, hakigharimu kitu, na mwenye gari yeyote aweza kukidai kabla hajatoa pesa. Kila nozeli ina njia nyembamba inayorudisha dizeli ya ziada kwenye tangi. Fundi akazifungua zile njia nne, mahali pake akachomeka mipira ya dripu, ileile ya hospitali, kila mmoja ukaingia kwenye chupa yake tupu ya soda. Chupa nne alizifunga kwa waya zikaning'inia kwenye ukingo wa boneti. Akawasha injini, akamwacha kijana wake aikanyage kidogo. Chupa ya kwanza, ya pili na ya nne zikapata dizeli ya kina cha kidole. Ya tatu ilikuwa imepita nusu kabla kijana hajaambiwa azime. Mjomba aliinama akaikodolea ile ya tatu, akaigusa kwa ncha ya kidole, akanitazama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kwenye nozeli ileile ya tatu, kifuniko cha juu kilipoondolewa, palikuwa na kitu cheusi kigumu kama lami iliyokauka. Chini ya kila nozeli hukaa washa ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande juu. Ya pale ilikuwa imechoka. Gesi ya moto ilikuwa ikipenya, ikaipika oili mpaka ikawa makaa, na vipande vya makaa hayo vilikuwa vikishuka kwenye karai la oili. Chini kule kuna chujio la pampu. Chujio likiziba, oili haipandi, na injini husagika ikiwa imejaa oili. Kwenye injini za aina hii huo ni mwendo unaojulikana. Fundi alishusha karai, akaokota makombo yapata kijiko kimoja cha chai, chujio likiwa limezibwa robo yake. Yule wa kwanza alisema injini imekufa. Ukweli ni kwamba ilikuwa ikielekea huko na ilikuwa imebakisha miezi.

Bei ya kuitibu: nozeli nne zilizofufuliwa, 22,000 kila moja, ni 88,000, washa na sili 6,000, oili na vichujio 12,000, kazi 20,000. Jumla 126,000. Tulitoka Changamwe tunacheka. Nami, nasema wazi, nilikwisha andika kichwani kwamba kisa kimekwisha: tengeneza, endelea na kazi.

Jioni ile tuliketi uani kwake Tudor. Mkaza mjomba alikuwa akitusikiliza huku akichambua mchele, akaweka ungo chini, akainuka, akaenda kwenye gari. Alirudi na karai lake la bati. Alikuwa amelitega chini ya gari nyuma, mahali maji ya barafu hudondokea, yasimchafulie uwanja kwa harufu. Akaliinua juu ya kichwa chake dhidi ya taa ya baraza. Mwanga ukapenya mahali sita saba, vitundu kama vya sindano.

"Mwaka mmoja tu," akasema. "Karai ni jipya, nililinunua baada ya Idi. Maji hayo yamelitoboa karai kwa mwaka mmoja. Hiyo gari yanyeshewa kwa miaka tisa. Nyinyi mwatazama injini."

Hakuna aliyemjibu. Mjomba alichukua tochi.

Kesho yake tuliliinua gari kwa jeki mbili, tukaweka magogo, nikalala chini na nyundo ndogo. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikiwa haijaoza ukiigonga hulia, sauti inakwenda mbali. Boriti ya kulia ililia tangu mbele hadi nyuma. Ya kushoto ililia mpaka nilipofika juu ya ekseli ya nyuma, karibu na mahali springi inaposhikiliwa. Pale ikatoa sauti ya kadibodi. Nilipokwangua, kutu ilibanduka kwa tabaka, kipande juu ya kipande, na bisibisi ikazama hadi nusu yake bila nguvu. Juu yake, sawasawa kabisa, palikuwa na tundu la kutolea maji la sakafu ya gari, na juu ya tundu hilo ndipo lilipokaa pembe ya sanduku la samaki.

Sisi watu wa pwani hulaumu hewa ya bahari kwa kila kutu. Hewa ina lake, na mteremko wa feri siku za bamvua, bahari ijaapo sana, una lake, maana magurudumu hupita kwenye maji ya chumvi yenyewe. Lakini gari zima lilipigwa na hewa hiyohiyo na limeoza sehemu moja. Barafu inayoyeyuka juu ya samaki hushuka na chumvi ya bahari, damu na magamba; ikitiririka tone kwa tone siku 26 za mwezi, mahali palepale, kisha ikikauka juani na kuacha chumvi yake, chuma hakina la kufanya.

Hapo swali likageuka. Injini ya dizeli yenye kompresheni nzuri hutengenezwa, kila kipuri kinapatikana, na bei yake hujulikana kabla ya kuanza. Chesisi ndiyo gari. Ikikatika Waa, njiani kwenda Diani, ikiwa na kilo 600 za samaki na barafu, nozeli mpya hazitasaidia. Tangu siku ile mtu akiniuliza kuhusu gari kuukuu, kwanza namuuliza kama amelala chini yake.

Basi tukarudi kwenye hesabu, na safari hii binamu yangu alikuwepo.

Hoja yake ilikuwa hii: gari kuukuu linakula pesa kidogo kidogo, huoni, mpaka linakumaliza. Nilifungua daftari. Kwa miezi 24 iliyopita matengenezo yote pamoja na matairi yalikuwa 318,000. Gari lililala gereji siku 19, na kila siku ya kulala mjomba alikodi pikapu ya mtu kwa 6,000, ambayo ni 114,000 nyingine. Jumla 432,000, yaani 18,000 kwa mwezi. Watu wengi husahau siku za kulala, wakahesabu vipuri tu, na kwa mfanyabiashara siku ya kulala ndiyo kipuri ghali kuliko vyote.

Lakini binamu alinikamata mahali, nami nikamkubalia. Aliniambia nitenge miezi sita ya mwisho peke yake. Matengenezo 151,000, siku 11 za kukodi. Hiyo ni 36,000 na kitu kwa mwezi. Na dizeli inayopotea kwa nozeli mbovu: kwa kilomita 2,000, tofauti ya 11.5 na 8.6 ni karibu lita 59, na lita ilikuwa kama shilingi 170, hivyo 10,000 kila mwezi zilikuwa zikitoka na moshi. Tuseme 46,000. Wastani wa miaka miwili ulikuwa umenificha kwamba mteremko umeanza.

Upande wa pili: pikapu aliyoipenda binamu, ya mkononi, iliyotumika miaka michache, ilikuwa 2,350,000. Dalali alikuwa tayari kuichukua Hilux kama ilivyo, na kugonga kwake, kwa 550,000. Inabaki 1,800,000 ya mkopo. Wakati ule Benki Kuu ilikuwa imekishikilia kiwango chake cha riba asilimia 13 tangu Februari, na mkopo tulioandikiwa ulikuwa asilimia 18 kwa miezi 48: karibu 52,900 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, riba pekee ni 27,000. Benki haikopeshi bila bima kubwa, nayo tuliambiwa 128,000 kwa mwaka. Ukijumlisha, 63,600 kila mwezi, samaki wapatikane wasipatikane.

Na hilo la samaki lina uzito. Juni ni kusi. Bahari imechafuka, vyombo vingi havitoki, na Diani watalii ni wachache. Mjomba hupata fedha zake za mwaka wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Mkopo haujui kusi wala kaskazi. Nimewaona wavuvi na wachuuzi waliopokonywa magari mwezi wa Julai ambao Desemba wangelipa bila shida.

Mtu aliuliza kuhusu kuagiza Japani, kwa kuwa niko bandarini. Kwa mwaka 2024 gari la kuingizwa lilitakiwa liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2017 au baadaye, sheria ya miaka minane. Sasa, Japani yenyewe haikuuza Hilux kati ya 2004 na 2017. Ilirudi huko Septemba 2017, kwa hiyo zilizopo ni za karibuni na bei yake iko juu. Ushuru wa forodha, ekisaizi na VAT ya asilimia 16 hupandiana mmoja juu ya mwingine, na KRA, mamlaka ya kodi, huanzia kwenye bei ya orodha yao wakitoa uchakavu, si kwenye risiti yako ya mnada. Shilingi ilikuwa imepata nguvu, kutoka zaidi ya 160 kwa dola mwezi wa Januari hadi karibu 130, lakini hata hivyo haikutosha. Tena dizeli za Kijapani za sasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wa kasi. Gari linaloshinda foleni ya Likoni likinguruma bila kwenda halipati nafasi hiyo. Tuliliacha.

Nilimwambia mjomba maoni yangu bila kuzunguka. Asinunue injini. Asichukue mkopo ule. Atibu nozeli kwa 126,000 sasa hivi, wakati wa kusi, ambapo siku nne za gereji hazimkoseshi kitu kikubwa. Achomelee chesisi, lakini kwa macho wazi: mchomeleaji mzuri atakata kilichooza na kuweka bamba la milimita tano pande mbili, 45,000, na kazi hiyo ainunue kama mtu anunuavyo muda. Mzigo ushuke hadi kilo 400. Asipakie watu nyuma kabisa. Kila miezi mitatu nyundo ipite chini, na siku boriti ya pili itakapotoa sauti ya kadibodi, gari linauzwa wiki hiyo, hata injini ikiwa inaimba. Na ile tofauti kati ya 63,600 na gharama za gari lililopona, atoe 30,000 kila mwezi aziweke kando, kana kwamba analipa mkopo.

"Nijilipe mwenyewe," mjomba akasema.

"Ndiyo, mjomba. Ukishindwa kujilipa elfu thelathini, benki ungeilipaje hamsini na tatu?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Gari lile alilinunua kwa mapato ya hoteli ya kwanza aliyoiuzia samaki, na najua alitamani nimwambie litadumu miaka kumi mingine. Sikuweza. Mkaza mjomba ndiye aliyemalizia: "Na sanduku?" Kwani kubadilisha gari na kubakisha sanduku lile ni kumpeleka mgonjwa mwingine kwenye kisima kilekile. Sanduku likatengenezwa upya siku ileile ya chesisi: tundu la chini likaungwa mpira mnene unaopita nje ya bampa la nyuma na kudondoka barabarani, sakafu ikafunikwa turubai nzito, na kila akirudi gari lioshwe chini kwa maji matamu.

Nozeli zilipofungwa na kuandikishwa kwenye kompyuta ya gari, kugonga kuliisha siku hiyohiyo. Mwezi wa kwanza lita moja ilitoa kilomita 11.2. Ukaguzi wa mwaka wa Miritini lilipita. Barabara ya Dongo Kundu ilipofunguka, siku za bamvua mjomba akawa anazunguka huko badala ya kuyakanyaga maji ya Likoni, ingawa ni mbali zaidi.

Miezi 14 ilipita hivyo. Matengenezo mengine yalikuwa 164,000 na siku nne za kukodi, ambayo ni 13,400 kwa mwezi. Akiba haikukosa hata mwezi mmoja. Mkaza mjomba ndiye aliyeishika.

Agosti 2025, nyundo ya robo mwaka. Bamba la kushoto lililia vizuri. Kulia, shubiri moja mbele ya ekseli, kadibodi. Tulipotoboa kidogo tukaona kutu ilitoka ndani kuja nje, ya miaka ileile ya maji, imejificha. Hapa nilikosa mimi. Mwaka 2024 niliigonga boriti ya kulia kwa nje, nikaridhika kwa kuwa inalia. Ningetia ile kamera ndogo ya waya ndani ya chesisi, ambayo mafundi wengi siku hizi wanayo, ningeona mapema, na pengine ningemshauri asitie 45,000 kwenye upande mmoja. Nozeli ningezirudia. Kuhusu ule mchomeleo, nina shaka.

Mjomba hakubishana na nyundo. Gari liliuzwa wiki ile kwa 480,000 kwa mtu wa bara aliyetaka injini na gia boksi, na aliyeonyeshwa chesisi kwa tochi kabla ya kutoa pesa. Akiba ilikuwa 420,000. Alipata Hilux ya 2016, kabini moja, kwa 1,750,000, tukaipitisha nyundo na kamera pande zote mbili kwanza. Mkopo ulikuwa 850,000, na kwa kuwa Benki Kuu ilikwisha shuka hadi asilimia 9.5, tuliandikiwa asilimia 15.5 kwa miezi 36. Malipo ni 29,700 kwa mwezi, na mkono wake ulikwisha zoea 30,000.

Siku ilipofika uani, watoto wakiwa bado wanapanda na kushuka, mkaza mjomba alileta karai jipya akaliweka chini ya pembe ya nyuma kushoto. Mjomba akaenda kuufunga mpira wa sanduku, akamimina ndoo ya maji ndani, na wote wawili wakachuchumaa wakitazama kama karai litabaki kavu.